"Strike", "tip", "redress": neno "balance" na maneno linaloandamana nayo

Msomaji mmoja anayeandika ripoti za kazi kwa Kiingereza amerudishiwa ukurasa wenye sentensi tatu zilizopigiwa mstari mwekundu, bila maelezo. Ya kwanza ni "We must make a balance between speed with quality." Ya pili, "On the balance, the project was successful." Ya tatu, "A good manager keeps his balance between the office and the field." Anauliza: kosa liko wapi, ilhali kila neno limo kwenye kamusi? Na ni maneno gani hasa huambatana na "balance" mtu anapotaka kuzungumzia uwiano kwa Kiingereza?

Inaniuma kuona mtu mwenye hoja nzuri akisahihishwa bila kuelezwa, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Sentensi zote tatu zinaeleweka. Zote tatu zina kasoro, na kila moja ina kasoro ya namna yake.

Tuanze na "make". Sisi hupiga simu, hupiga pasi, hupiga picha, hupiga mswaki, hupiga hesabu. Mgeni akisema "nimefanya pasi nguo zangu" tutamwelewa, lakini papo hapo tutajua kuwa hajaizoea lugha. Hakuvunja kanuni yoyote ya sarufi. Amekosea mazoea, yaani namna maneno yalivyozoea kukaa pamoja. Mwanaisimu wa Uingereza J. R. Firth aliandika mwaka 1957 kwamba neno hujulikana kwa maneno linaloandamana nayo, na kauli hiyo ndiyo msingi wa jibu langu lote. Kitenzi kilichozoeana na "balance" ni "strike". Asili yake ni daftari la hesabu: mtunza hesabu alijumlisha yaliyoingia upande mmoja na yaliyotoka upande wa pili, akapata tofauti, akafunga hesabu. Hapo alisemwa kuwa amefanya hivyo, "he struck a balance". Kwa hiyo hakuna kinachopigwa. "Strike" hiyo ni ndugu wa "piga" yetu katika "piga hesabu".

Sasa neno lenyewe. "Balance" limepitia Kifaransa cha kale kutoka Kilatini, "bilanx", mizani ya vitanga viwili: "bi" ni mbili, "lanx" ni kitanga. Naomba usimame hapa kidogo, kwa sababu wengi wetu tulifundishwa kuwa "balance" ni "usawa", na hiyo ni nusu tu ya neno. Mizani hufanya kazi mbili. Inaweza kutulia, vitanga vikawa sawa. Inaweza pia kukuonyesha upande upi umezidi, na umezidi kwa kiasi gani. Kiingereza kimezichukua kazi zote mbili na kuzipa neno moja. Kiswahili kimezigawa: usawa, uwiano, urari, salio, mizania, kila moja na mahali pake. Ndiyo maana tunapohamia Kiingereza tunababaika. Tunalo neno moja mkononi na hatujui ni kazi ipi linafanya. Maneno yanayolizunguka ndiyo yanayotuambia.

Kazi ya kwanza, ile ya vitanga kutulia, ndiyo inayotafutwa katika sentensi yako ya kwanza. Kuna mambo mawili yanayovutana, kasi na ubora, na mtu anaamua yakutane wapi. Hapo utasema "strike a balance between speed and quality". "Strike" hubeba maana ya uamuzi: umepima, umefikia mahali. "Find a balance" ni laini zaidi na huelekea kwenye maisha ya mtu; ina harufu ya kutafuta na kujaribu, na ndiyo maana watu husema "I'm still trying to find a balance" lakini ni nadra kusema hivyo kwa "strike" wanapoongea juu ya nafsi zao. "Achieve a balance" ni ya maandishi rasmi, na inadokeza juhudi. "Maintain a balance" inakuja baada ya zote hizo: uwiano umekwisha kupatikana, kazi iliyobaki ni kuulinda. Katika mazungumzo, hasa ya Waingereza, utasikia mno "get the balance right". Ni usemi mzuri na rahisi, na ningependa wanafunzi wafundishwe mapema kuliko wanavyofundishwa: "It's hard to get the balance right" hukutoa kwenye tatizo la kuchagua kitenzi kabisa.

Wanasheria wana toleo lao. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, tangu kesi ya Sporrong na Lönnroth dhidi ya Uswidi ya mwaka 1982, imekuwa ikiuliza kama "a fair balance was struck" kati ya masilahi ya umma na haki za mtu mmoja. Tazama umbo hilo la kutendwa: "was struck". Ukiandika ripoti rasmi, litakufaa sana, kwa sababu linakuruhusu kusema uwiano umepatikana bila kumtaja aliyeupata.

Kasoro ya pili ya sentensi hiyo ni "between speed with quality". Hii inatoka moja kwa moja kwenye Kiswahili. "Na" yetu ni kiunganishi na ni kihusishi pia, tunasema "kasi na ubora" na tunasema "nilikwenda na rafiki yangu", kwa hiyo mkono huteleza kwenye "with". Baada ya "between" hufuata "and", bila hiari. "With" ina nafasi yake, lakini ni pale "balance" inapokuwa kitenzi: "She balances work with study". Kuna kihusishi cha tatu, "against", na maana yake ni nyingine kabisa. "To balance the cost against the benefit" ni kuweka gharama kitanga hiki na faida kitanga kile, ili ujue ipi nzito. Mwenye "balance with" anataka vyote viwili vikae pamoja. Mwenye "balance against" anataka kuamua.

"Of" nayo ina siri yake. "A balance between theory and practice" huonyesha mvutano: ukizidisha hiki, kile kinapungua. "A balance of theory and practice" ni mchanganyiko ulio sawasawa, hakuna ugomvi. Ukisifu kozi, andika "a good balance of". Ukieleza mgogoro wa sera, andika "between".

Nakuja kwenye vile vineno vidogo, "a", "the", "his", na kutokuwepo kwa vyote. Katika Kiswahili hatuna "a" wala "the", kwa hiyo tunavichukulia kama mapambo. Kwa "balance" vinabeba nusu ya maana. Sentensi yako ya tatu, "keeps his balance", imeteleza hapa hapa. Mara "balance" inapopata mwenyewe, "my", "his", "her", msomaji hufikiria mwili: mtu aliyesimama asianguke. "She lost her balance" ni kwamba aliyumba akaanguka au nusura aanguke. "He kept his balance on the wet rocks" ni kwamba hakuteleza. "I regained my balance", nilirudi kusimama imara. Meneja wako, kama ilivyoandikwa, anajitahidi asianguke baina ya ofisi na eneo la kazi. Badilisha neno moja tu, "keeps a balance between the office and the field", na maana uliyoikusudia inarudi.

Toa vineno vyote, upate "off balance". Hii nayo huanza na mwili, lakini imehamia kwenye akili. "The question threw me off balance" ni kwamba swali lilinivuruga. "They caught us off balance" ni kwamba walitukuta hatujajiandaa. Ni misemo ya kila siku na haina urasmi mwingi. Katika ripoti ningeitumia kwa uangalifu.

Weka "the", na sasa unazungumzia uwiano ambao tayari upo au ulipaswa kuwepo, na kinachoelezwa ni yaliyoupata. Kundi hili ndilo ninalolipenda kuliko yote, kwa kuwa vitenzi vyake vimegawana kazi kwa usahihi wa ajabu. "Upset the balance" ni kuuvuruga uwiano uliokuwa umetulia, na mara nyingi hutumika kwa mazingira: mdudu mgeni akiingizwa ziwani, "it upsets the balance of the ecosystem". "Disturb the balance" ni hiyo hiyo kwa sauti ya chini. "Shift the balance" haisemi kama ni vizuri au vibaya. Uzito umehama tu, kama katika "the election shifted the balance of power". "Tip the balance" ni kile kitu kidogo cha mwisho kinachokifanya kitanga kishuke. Ikiwa waombaji wawili wa kazi walikuwa sawa kabisa na mmoja akachaguliwa kwa sababu anajua lugha ya tatu, basi "her third language tipped the balance in her favour". Usiitumie kwa sababu kubwa iliyokuwa wazi tangu mwanzo. "Tip" inadai kwamba vitanga vilikuwa karibu sawa. Wamarekani hupenda kusema "tip the scales" kwa maana hiyo hiyo. Jihadhari tu na "tip the scales at", ambayo hutaja uzito wa mtu au kitu: "the boxer tipped the scales at 90 kilos".

Halafu kuna "restore the balance" na "redress the balance". Zote ni kurudisha, ila "redress" ina haki ndani yake. Mtu anayesema "redress the balance" anadai kwamba upande mmoja ulionewa au ulisahauliwa. Kama historia ya vita imeandikwa kwa macho ya majenerali peke yao, kitabu cha barua za askari wa kawaida kitasemwa kwamba "it redresses the balance". Maji ya mwili yaliyopungua baada ya ugonjwa yanarudishwa kwa "restore", kwa sababu hapo hakuna aliyedhulumiwa. Utakutana pia na "address the balance", hata kwenye maandishi ya wazawa wa lugha. Ni kuchanganya sauti mbili zinazokaribiana. Unaweza "address the imbalance", kwa kuwa "imbalance" ni tatizo na tatizo hushughulikiwa. Uwiano wenyewe haushughulikiwi.

Sasa kazi ya pili ya mizani, ile ya kuonyesha upande uliozidi. Hapa ndipo tafsiri ya "usawa" inapompotosha mtu vibaya, hata msomaji mzoefu. Mwaka 1995 Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, katika ripoti yake kuu ya pili, liliandika kwamba "the balance of evidence suggests a discernible human influence on global climate". Anayejua "balance" kama usawa ataisoma sentensi hiyo kwamba ushahidi uko nusu kwa nusu. Inasema kinyume chake: ushahidi ukipimwa wote, umeelemea upande mmoja, kwamba athari ya binadamu juu ya hali ya hewa ya dunia inaonekana. Neno moja, na ripoti nzima inageuka maana.

Mahakamani ni vivyo hivyo. Katika nchi zinazofuata sheria ya Kiingereza, kesi ya madai huamuliwa "on the balance of probabilities". Haina maana kwamba pande mbili ziko sawa. Maana yake ni kwamba dai limethibitishwa ikiwa kuna uwezekano mkubwa kuwa ni kweli kuliko kuwa si kweli, hata kwa kuzidi kidogo tu. Marekani hukiita kiwango hicho hicho "preponderance of the evidence", na hapo angalau neno lenyewe linataja kuzidi.

Msemo "on balance" unatoka nyumba hiyo hiyo, na ndio unaohusu sentensi yako ya pili. Kwanza, hauchukui "the", wala hauongezwi chochote. "On the balance" huonekana pale tu panapofuata "of", kama huo wa mahakamani. Pili, na hili huwa halisemwi, "on balance" ni ya kutangaza hukumu baada ya kupima. Ni lazima msomaji awe ameona mazuri na mabaya kwanza. Kama ripoti yako imetaja kuchelewa kwa miezi miwili, gharama iliyozidi na matokeo mazuri ya mwisho, basi "On balance, the project was successful" inakaa barabara. Kama ripoti ilisifu tu tangu aya ya kwanza, "on balance" inamfanya msomaji atafute kasoro ambazo hukumtajia. Hapo bora "overall".

Na sasa uone kineno "the" kinavyoweza kugeuza kila kitu. "In balance" ni kutulia: "the two forces are in balance". "In the balance", kwa kawaida pamoja na "hang", ni jambo ambalo bado halijaamuliwa na linaweza kwenda huku au kule: "his future hangs in the balance". Picha ni ya kitu kilichoning'inia mizanini, mtu anangoja kitanga kishuke. Tafsiri ya Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ina mfalme aliyepimwa katika mizani akaonekana amepunguka, Danieli 5:27, na picha ya hatima ya mtu kuwekwa kwenye kitanga imebaki hai katika lugha hiyo hadi leo. Usiandike "the budget hangs in the balance" ukitaka kusema bajeti imelingana. Umesema iko hatarini. Bajeti iliyolingana ni "a balanced budget", na kuilinganisha ni "balance the budget".

Upande wa fedha nitapita haraka, kwa sababu ukishaelewa mizani unajieleza wenyewe. Salio la benki ni tofauti ya pande mbili za hesabu, ndiyo maana ni "balance": "check your balance", "the outstanding balance" kwa deni lililobaki, "opening balance" na "closing balance" kwa mwanzo na mwisho wa kipindi. "Pay half now and the balance on delivery" ni kulipa nusu sasa na iliyobaki mzigo ukifika. "Balance sheet" ni mizania, "balance of trade" ni urari wa biashara, na urari huo unaweza kuwa na nakisi bila mtu kuona ajabu. Fedha unayorudishiwa baada ya kununua kitu ni "change". Wengi huiita "balance", na msikilizaji wa mbali hatakuelewa.

Vivumishi havihitaji maneno mengi, ila viwili vinachanganywa mno. "A delicate balance" ni uwiano unaovunjika kwa urahisi, hata bila mtu kukosea. "A fine balance" ni ule unaodai upimaji wa makini, kwa kuwa kosa dogo la kuamua linatosha. Vingine unavijua kwa maana zake za kawaida: "right", "healthy", "proper", "uneasy". Usiseme "a big balance" wala "a strong balance" kwa uwiano wa mambo. "Big balance" atakayeisikia atafikiria akaunti ya benki.

Kosa ninaloliona mara nyingi kuliko yote ni "balance diet". Ni "a balanced diet", mlo kamili, na ile "-ed" haisikiki vizuri katika usemi wa haraka kwa sababu imemezwa na "d" inayofuata. Ndipo watu huiandika kama walivyoisikia. Vivyo hivyo "a balanced view" na "a balanced report". Kinyume chake katika nomino ni "imbalance", na katika kivumishi ni "unbalanced". Angalia hiki cha mwisho: ukimwita mtu "unbalanced" umesema akili yake haiko sawa. Ripoti inayopendelea upande mmoja iite "one-sided", na hutamuudhi mwandishi wake kuliko ulivyokusudia.

Misemo miwili imekauka na kuwa kama neno moja. "Checks and balances", mihimili ya dola kudhibitiana, haipinduliwi. Alexander Hamilton, akitetea katiba mpya ya Marekani mwaka 1787, aliandika "legislative balances and checks", lakini mpangilio huo haukudumu na leo ungesomeka kama kosa. "Work-life balance" ni wa juzi, ulienea kuanzia miaka ya 1980, na kazi hutangulia maisha ndani yake. Hauhitaji "between", kwa kuwa pande zote mbili zimo tayari ndani ya jina.

Kuna wakati pia "balance" si neno unalolihitaji hata kidogo. Ukitaka kusema kwamba huwezi kupata vyote, ukipata kasi utapoteza ubora, sema "there is a trade-off between speed and quality". "Balance" inaahidi kwamba vyote viwili vinaweza kupatikana kwa kiasi. "Trade-off" inakiri hasara, na katika ripoti za kazi mara nyingi ndilo neno la kweli zaidi. Ukitaka kusema upande mmoja umeshinda, "the benefits outweigh the risks" ni mizani ile ile bila kutaja mizani. Hasara iliyofidiwa na faida ya mahali pengine ni "offset": "the higher cost was offset by better sales". Na mahali pa kati panapowaridhisha wote ni "a happy medium", ambayo huchukua "find" au "strike", kama "balance" yenyewe.

Ukipata shaka juu ya msemo, usiutafute kwenye kamusi ya maana peke yake. Utafute kwenye kongoo, yaani hazina kubwa ya matini halisi zilizokusanywa ili kuchunguza lugha. British National Corpus ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, na Corpus of Contemporary American English, iliyojengwa na Mark Davies, ina zaidi ya bilioni 1. Zote mbili unaweza kuzitafuta kwa intaneti. Andika "a balance between" na utazame kitenzi kinachotangulia kwenye kila mstari. Kisha andika "the balance" na utazame tena. Usitafute "balance" tupu, kwa sababu utazama kwenye masalio ya benki. Na unaponakili msemo kwenye daftari lako, nakili pamoja na kineno kilicho mbele yake na kihusishi kilicho nyuma yake: si "strike" na "balance", bali "strike a balance between X and Y", mstari mzima.